Kupiga Goti kwa Mguu Mmoja

Mjukuu wangu wa kike amesomea mambo ya misuli, na kazi yake ni kuwapima wachezaji wa mpira na wacheza ngoma ajue miguu yao inadumu kiasi gani. Juzi alinionyesha anavyofanya. Mtu anasimama kwa mguu mmoja, kidole cha mkono kinagusa ukuta, anapanda juu ya vidole vya mguu, anashuka, anapanda tena, mpaka shavu la mguu likatae. Nikamwambia hiyo naijua, nilipimwa hivyo hivyo nikiwa msichana, wakati wa Mwingereza, uani kwa mkuu wetu wa kijiji kule Buganguzi. Akadhani namtania. Nikavua kandambili, nikashika kabati, nikapanda na kushuka mbele yake. Akaacha kucheka, akanishika kwapani nisianguke.

Kwa hiyo naandika, maana nikisimulia kwa mdomo ananikatiza. Shule niliyosoma ilikuwa ya kujua Biblia na kuandika jina, basi. Lakini macho yangu yaliona, na miguu yangu mpaka leo haina wa kuicheka.

Miaka ile, kahawa ikishavunwa, serikali ilikuwa inaita ngoma na mbio uwanjani Bukoba mjini. Kila upande ulipeleka wachezaji wake. Sisi wa upande wa Muleba tulikuwa na ngoma ya wasichana ya kuiga korongo. Mnaingia uwanjani mkitembea juu ya vidole, mikono mmeitandaza kama mabawa, shingo ndefu, njuga zinalia kidogo tu. Ikichezwa vizuri inapendeza mpaka watu wanasahau kutafuna. Lakini mwaka uliotangulia wasichana wetu walifika katikati ya uwanja visigino vikaanza kuanguka, kimoja, kingine, kingine, na korongo wote wakageuka bata. Wazungu wakapiga makofi kwa sababu walidhani ndivyo inavyochezwa. Watu wa pande nyingine hawakudanganyika. Tulichekwa hadi sokoni.

Mkuu wa kijiji akasema haitatokea tena, akamtafuta bwana mmoja aliyerudi vitani Burma. Tulimwita Sajini, ingawa mwenyewe hakuwahi kutamka kwamba alikuwa sajini. Alikuwa na kofia pana, na filimbi shingoni hata akienda chooni. Huko vitani alikuwa anasaidia hospitalini, na waliovunjika miguu waliposema wamepona, daktari alikuwa anawapima kwa kuwapandisha juu ya vidole kabla ya kuwarudisha kwenye gwaride. Sajini akasema korongo na askari ni kitu kimoja, wote wanasimamia shavu la mguu, basi na sisi tutapimwa.

Mimi ngoma sikuitaka sana. Nilichotaka ni kufika Miembeni.

Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa huko Miembeni, mtaa wa Bukoba mjini, na fundi cherehani, akazaa mtoto wa kwanza. Mama hakuweza kwenda kumwona kwa sababu kitindamimba wetu alikuwa na kifaduro, anakohoa mpaka anabadilika rangi. Tukawa tunategemea habari za barabarani. Siku moja utingo wa lori la kahawa akasimama nyumbani kunywa maji, akasema amempita dada uani kwake, hajambo, alikuwa amekaa anakula ugali.

Mama alikuwa anamenya ndizi. Akaweka kisu chini.

“Anakula nini?”

“Ugali, mama. Wa muhogo.”

Lazima nieleze kwa wasomaji wasiotoka kwetu. Kwetu chakula ni ndizi. Vingine vyote ni vitu vya kutafuna ukisubiri ndizi. Na mzazi aliyejifungua juzi, umpe ugali? Mama alichukua kama ameambiwa binti yake analala nje. Tangu siku ile hakulala. Anageuka huku, anageuka kule, nyasi za sakafuni zinalia, na akiamka anamenya ndizi za dada kama vile yupo, anaziweka pembeni mpaka zinakuwa nyeusi.

Baba akamwambia, “Mtu hafi kwa ugali. Majeshi mazima yanakula ugali.”

“Mwanangu si jeshi.”

“Basi tulia.”

“Nitulie namna gani, na maziwa yatatoka wapi? Mtoto atanyonya unga?”

Mama akataka mimi niende nikaone kwa macho yangu, nimrudishie neno. Baba akakataa. Binti hapandi lori la wanaume. Lakini akasema pia kwamba kama mkuu wa kijiji ataniita kwenye ngoma, hiyo ni amri, na amri yeye hana mdomo nayo, mradi awepo mama mtu mzima wa kutuangalia. Mama akanitazama miguu. Nikaelewa.

Basi kijiji kizima kikaanza kupanda na kushuka. Ukienda kisimani, ambacho kwetu kiko bondeni kabisa na nyumba ziko juu mlimani, unakuta wasichana wamesimama mguu mmoja kama wamechomwa miba. Unamenya ndizi, unapanda unashuka. Babu mmoja jirani alimwambia mama anipe dawa ya minyoo. Kanisani ndiyo ilikuwa balaa. Sisi ni Walutheri, kuimba tunaimba, na tukisimama kuimba mstari mzima wa wasichana unainuka na kuzama. Mwinjilisti wetu alifurahi sana. Akasema hajawahi kuona vijana wanaoimba kwa roho namna ile, akaongeza nyimbo. Tukatoka kanisani tunachechemea.

Binti yake mwenyewe ndiye aliyekuwa akiinuka kuliko wote. Huyo binti wa mwinjilisti alikuwa rafiki yangu, naye alikuwa na shingo ndefu ya kweli, korongo wa kuzaliwa. Nilimwogopa.

Siku ya kupimwa, Sajini alisimamisha miti miwili uani kwa mkuu, mbele ya ukuta wa nyumba, akafunga kamba ya mgomba kutoka mti huu hadi ule. Kila mtu alipandishiwa au kushushiwa kamba kulingana na urefu wake. Sheria ilikuwa hivi: kidole kimoja ukutani. Mguu mmoja chini, mwingine umeukunja. Yeye anapiga debe kwa kijiti, na kila likilia unapanda mpaka nywele zako ziguse kamba. Nywele zisipogusa, umetoka. Goti la mguu uliosimama likikunjwa ili kudanganya, umetoka. Mguu ule mwingine ukigusa chini kabla debe halijanyamaza, umetoka na usibishane, hata kama umebaki peke yako.

Walianza vijana wa mbio. Alikuwepo mmoja ambaye kazi yake ni kukanyaga ndizi za kutengeneza rubisi, pombe yetu, siku nzima yuko ndani ya mtumbwi wa kukamulia, anaponda kwa miguu. Mashavu ya miguu yake yalikuwa kama mapapai. Akasimama akiwa amepandisha nguo makusudi tuone. Debe likalia kidogo tu, mapapai yakaanza kutetemeka, na kabla hata hatujachoka kumtazama akashusha mguu.

“Ni kwa sababu hakuna ndizi chini,” akasema.

Bibi mmoja akamjibu, “Mwanangu, Bukoba watakutandikia.”

Wakaja wasichana. Wengine walitoka upesi, wengine walitoka kwa kucheka. Nafasi za kwenda Bukoba zilikuwa chache, zikajaa zote isipokuwa moja, na waliobaki ukutani tulikuwa wawili, mimi na binti wa mwinjilisti. Uso wangu ulitazama ukuta, naye kadhalika, tunaonana kwa pembe ya jicho.

“Umechoka,” akaninong’oneza.

“Wewe ndiye unapumua kama ng’ombe.”

“Mimi napumua kwa kumwomba Mungu.”

“Mwombe akushushe.”

Debe linalia. Shavu la mguu lilikuwa linawaka moto kweli, kama mtu amenipaka pilipili ndani ya nyama. Nikawa namfikiria mama na zile ndizi nyeusi. Kila nikipanda nasema moyoni, muhogo. Nikishuka, muhogo.

Hapo ndipo alipoingia shwenkazi, yaani shangazi yangu, dada yake baba.

Shangazi huyu alikuwa mama mkubwa, mzito, na hakuna kitu alichokipenda duniani kama kusalimiwa. Na kwetu msichana hamsalimii mkubwa akiwa amesimama. Unashuka chini, unapiga magoti, unamuuliza alivyolala, unamuuliza nyumba yake, watu wake, ng’ombe wake, naye anajibu polepole, anakuuliza vilevile, ndipo unainuka. Msichana anayebaki wima mbele ya shangazi yake, heri asingezaliwa. Mama yake anasemwa, na mama wa mama yake pia.

Shangazi akasimama katikati ya uwanja. Akatazama. Akakohoa kile kikohozi cha kusema nimefika.

Binti wa mwinjilisti hakufikiri hata kidogo. Malezi ndivyo yalivyo, mwili unatangulia. Akageuka, akaenda chini na magoti yake yote mawili, akaanza kusalimia kwa sauti tamu. Sajini akapuliza filimbi.

“Umetoka.”

“Nimetoka wapi? Ninasalimia.”

“Mguu umegusa chini.”

Akabaki pale pale juu ya magoti, machozi yanatiririka, na bado anamuuliza shangazi habari za ng’ombe, kwa sababu salamu ikianza haikatizwi.

Mimi nilikuwa bado juu. Debe halijanyamaza. Nikishuka kama mwenzangu tumetoka sote na Miembeni siioni. Nisiposhuka, baba yangu amekaa pale pale kwenye kigoda anatazama, na binti asiye na adabu hatampeleka hata kisimani. Nikapata wazimu fulani. Nikaukunja ule mguu niliosimamia, polepole, nikawa nashuka, nikashuka, mpaka goti la mguu ule wa hewani likagusa udongo. Goti tu. Unyayo wake niliushika kwa mkono nyuma usiguse. Nikasema, “Shwenkazi, umelalaje,” haraka haraka, nikampa na ng’ombe na migomba kwa pumzi moja, halafu nikasukuma ardhi kwa mguu ule ule nikapanda tena. Sijui nilipandaje. Nilisikia kitu kinalia gotini kama kuni mbichi. Nikafika juu, nywele zikagusa kamba debe likilia.

Sajini akaja akainama, akanitazama goti, akautazama unyayo, akanitazama goti tena.

“Goti si mguu, na kukunja kwa salamu si kudanganya,” akasema, akarudi kwenye debe lake.

Shangazi hakuijibu ile salamu. Akamgeukia baba. “Huyu mwanao amenisalimia nusu.”

“Amesalimia, dada,” baba akasema, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

“Goti moja ni salamu ya nani? Mimi ni nusu mtu? Mwambie huyo mwenye debe anyamaze, mtoto ashuke, anisalimie salamu nzima.”

“Akishuka ametoka,” Sajini akasema.

“Na atoke.”

Baba akawa anakuna kichwa. Nilimjua. Akikuna vile mwisho wake ni kumtii dada yake. Na mimi nipo ukutani napanda nashuka, jasho limeingia machoni.

Sajini naye alikuwa amechoka, na vita vilimfundisha kusema bila kupima. Akasema, “Mama, mimi nimeona askari wa kila aina. Hakuna aliyeshuka vile kwa mguu mmoja akapanda. Ungekuwa wewe usingeweza.”

“Mimi?”

“Wewe, mama.”

“Mimi niliyechota maji bonde lile tangu baba yako hajaota ndevu?”

Shangazi akatupa kikapu, akafunga vizuri kanga kiunoni, akaja ukutani akasimama pembeni yangu. Akaweka kidole ukutani, kisha mkono, kisha mkono wa pili. Sajini akampandishia kamba upande wake, na debe likaendelea. Nataka niseme ukweli, shangazi yangu alipanda. Mwili ule wote ulipanda juu ya vidole vya mguu mmoja, ukashuka, ukapanda. Watu wakaanza kumshangilia na yeye akaanza kutabasamu. Akaninong’oneza, “Si kitu hiki. Mnajisifia nini?”

“Ndiyo, shwenkazi,” nikasema, kwa pumzi iliyobaki.

Sasa bibi yetu, mama yake baba na shangazi, alikuwa shambani nyuma ya nyumba ya mkuu anatafuta majani. Aliposikia kelele akaja na fimbo yake, anauliza kuna msiba gani. Akatokea kwenye kona ya nyumba, akamkuta binti yake mtu mzima amesimama mguu mmoja akitazama ukuta.

Na bibi akakohoa. Kikohozi kile kile. Kumbe ndiko shangazi alikokitoa.

Uwanja mzima ulielewa kwa mara moja. Shangazi alikuwa mkubwa kwetu sote, lakini kwa mama yake ni mtoto, na mtoto anakwenda chini. Nilimwona jicho linamzunguka. Kama angeshusha mguu angekuwa ameshindwa mbele ya Sajini. Kama angebaki wima angekuwa amemdharau mama yake. Basi akafanya nilivyofanya mimi. Akaushika unyayo nyuma, akakunja goti, akaanza kushuka.

Mimi nami ilinibidi nimsalimie bibi. Tukashuka pamoja, bega kwa bega.

Mimi nilipanda. Shangazi alifika nusu ya njia, akasimama hapo hewani kama anafikiri, kisha akaenda kwa ubavu. Akashika kamba, kamba ikashika miti, miti ikamfuata Sajini aliyekimbia kumdaka, wakaanguka wote na debe juu yao. Na shangazi, akiwa amelala pale chini, kofia ya Sajini chini ya mgongo wake, akasema kwa heshima yote, “Mama, umelalaje?”

“Nimelala vizuri kuliko wewe,” bibi akajibu. Akamuuliza hali ya nyumba yake, watu wake na ng’ombe wake, mmoja mmoja, naye akajibu kila kitu akiwa chini. Bibi hakupunguza hata ng’ombe. Akamaliza, akanigeukia mimi nikiwa bado mguu mmoja, akanijibu na mimi.

Hapo ilikuwa imekwisha. Shangazi alikuwa amempa mama yake mzazi salamu ya namna ile ile aliyoiita nusu, tena mbele ya watu, na ya kwake haikusimama. Angesema nini? Aliinuka, akajipangusa, akamwambia baba, “Mtoto ana miguu. Aende. Lakini haendi bila mimi, nitamfundisha kupiga goti njiani.” Sajini akatafuta filimbi yake ndani ya vumbi akaipuliza, ikatoa mchanga. Binti wa mwinjilisti alinichukia mpaka msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, ndipo tukakutana shambani alfajiri tunaokota, tukaanza kucheka bila kuambiana kwa nini.

Tulikwenda na lori la kahawa, sisi wasichana juu ya magunia, shangazi mbele kwa dereva kwa sababu alikataa kukaa juu ya mali ya watu. Mguu wangu ulikuwa umekaza kama ubao. Tuliposimama Kanazi kuongeza magunia sikuweza kushuka, wakanishusha kama gunia pia, na mpakiaji mmoja akauliza huyu ana kilo ngapi.

Mjini mimi na shangazi tukaenda moja kwa moja Miembeni. Shangazi njiani alikuwa ameshapanga maneno yote atakayomwambia yule fundi cherehani. Tukabisha, dada akafungua. Mashavu yamejaa, shingo ina mikunjo, mtoto mgongoni kanona kama kiroba. Akatuletea magoti, yote mawili, shangazi akaridhika kidogo. Nikachungulia nyuma yake. Sahani ya ugali ilikuwa pale, na samaki wa ziwani juu yake.

Shangazi akasema, “Nani anakulazimisha? Sema. Mume wako yuko wapi?”

“Mume wangu? Yeye ananunua ndizi kila siku, anakula mwenyewe.” Dada akatutazama kama anatushangaa. “Ndizi nimekula tangu nizaliwe, shwenkazi. Nimefika mjini, nimeonja hii, nimeipenda. Kosa liko wapi?”

Shangazi akakaa akiipa sahani mgongo. Akasema hatakula, hata akifa. Baadaye akasema apewe kidogo, ajue tu kitu anachokikataa. Baadaye mkono wake ukarudi wenyewe kwenye sahani bila yeye kuutazama, ukarudi tena, na samaki akaisha.

Kesho yake tulicheza. Hakuna korongo aliyegeuka bata, nawaambieni. Shavu la mguu liliniuma mpaka nikawa naona nyota mchana, lakini kisigino changu hakikushuka, na wa upande wetu walishangilia hadi mpiga ngoma akasahau kupiga.

Niliporudi nyumbani mama alikuwa amekaa mlangoni, kisu mkononi, fungu la ndizi mapajani. Hakuuliza ngoma ilikuwaje.

“Umemwona?”

“Nimemwona. Amenenepa. Mtoto amenenepa kuliko yeye.”

“Anakula nini?”

Ningeweza kumdanganya. Shangazi alinishauri nimdanganye. Lakini alinituma nikaone, na nilichoona ndicho hicho.

“Ugali, mama. Na anaupenda mwenyewe. Hakuna anayemlazimisha. Ndizi zipo, anaziacha.”

Mama akaitazama barabara.

“Na samaki?”

“Na samaki. Mkubwa.”

“Maziwa yanatoka?”

“Yanamlowanisha nguo.”

“Anaupenda,” mama akasema, polepole, kama anajaribu neno geni mdomoni. Kisha akaegemea nguzo ya mlango. Nilidhani analia. Nikamchungulia usoni, na alikuwa amelala, mchana kweupe, mdomo wazi, anakoroma. Nikamtoa kisu mkononi taratibu, nikakaa chini, mguu umenyooka mbele yangu kwa maumivu, nikamenya ndizi mimi.